Nyuzi Mia Moja na Themanini

Kuna harufu moja ambayo watu wengi hawaijui, kwa sababu mpishi mwenye akili zake haachi itokee. Ni harufu ya unga uliopashwa moto bila kuiva. Si harufu ya mkate, na si harufu ya kinyunya kibichi. Iko katikati, ya uvuguvugu na uchachu kidogo, kama nguo iliyoanuliwa kabla haijakauka. Mwaka niliotimiza miaka kumi na mmoja, majani yalipoanza kupukutika, nyumba yetu ya kupanga kule Highview, kusini mwa Louisville, ilinuka hivyo kila Jumamosi jioni. Harufu iliingia kwenye mapazia, ikaingia kwenye koti langu la shule, na Jumatatu nikiketi darasani niliisikia ikinipanda kutoka kwenye mikono. Leo nikipita mbele ya duka la mikate hapa Buffalo napata harufu nzuri ya mkate ulioiva vizuri, na badala ya kutamani kula naikumbuka ile nyingine. Huwa naongeza mwendo nipite haraka.

Kabla ya msimu ule oveni yetu ilikuwa kabati. Mama yangu, jina lake Sifa, alikuwa amepika miaka mingi kwenye kambi ya wakimbizi, kule Kigoma, kwa mkaa na kuni. Moto aliuamini akiuona. Sanduku la chuma ambalo mtu hulifunga mlango na kungoja, hilo hakuwa na habari nalo. Kwa hiyo juu ya jiko alipika sombe ya majani ya muhogo, maharage na ugali kama kawaida, na chini, ndani ya oveni, alipanga masufuria yake kuanzia kubwa hadi dogo, pamoja na kikaango cha mandazi na sinia mbili za wageni. Baba, ambaye alikuwa mwalimu wa Kiswahili kambini na sasa anapakia maboksi ghalani, alipenda kututania kwamba Wamarekani ni watu wakarimu, wametupa hadi kabati lenye taa ndani. Tulicheka kila aliposema, ingawa alisema karibu kila wiki.

Aliyeyatoa masufuria yale ndani ya oveni ni Mama Mkubwa Faida, dada wa mama, naye aliyatoa akiwa Adelaide, Australia. Lazima nimweleze Mama Mkubwa, maana bila yeye kisa hiki hakina kichwa wala miguu. Wazazi wao walipouawa vitani, Faida alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano na Sifa alikuwa na mitano. Faida alimfunga mdogo wake mgongoni kwa kitenge, akatembea naye siku nyingi hadi ziwani, wakavuka. Kambini alimlisha, akamsomesha, akamwoza kwa baba. Yeye mwenyewe aliolewa akafiwa na mume, na watoto wawili aliozaa hawakumaliza mwaka. Majina yalipotoka ya kwenda ng'ambo, faili lake kama mjane lilikwenda upande mmoja na faili letu upande mwingine. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka mama alivyokaa chini kwenye vumbi siku basi la dada yake lilipoondoka, mpaka baba akamwinua kwa mikono miwili.

Kwa hiyo simu ilikuwa kila kitu. Jumamosi jioni yetu ni Jumapili asubuhi yake, na wakati huo ndio dada hao wawili walionana kwa video, simu ya mama ikiwa imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Mama Mkubwa alikuwa amepata rafiki kanisani, bibi mmoja mzee aitwaye Joan, ambaye alimfundisha kuoka vitu vya kwao. Alianza na mkate wa wachunga mifugo wa zamani, wanauita dampa: unga, chumvi, maziwa na siagi kidogo, usioumuliwa usiku kucha, ambao zamani ulifukiwa kwenye majivu ya moto. Mama Mkubwa aliupenda kwa sababu ya hayo majivu. Alisema Wazungu wa kule nao waliwahi kuishi kama watu wa kambini, basi hakuna cha kuwaogopa. Akaendelea na biskuti za shayiri na nazi, kisha keki za mraba zinazochovywa kwenye chokoleti na kuviringishwa kwenye nazi iliyokaushwa, ziitwazo lamingtoni. Alizisogeza kwenye kamera kabla ya kuzichovya, za rangi ya dhahabu, zimeumuka, na mama akasema naye atazioka, ili kila Jumapili wale chakula kimoja, kama zamani walipokula sahani moja.

Hayo yalikuwa maneno ya mezani. Chini yake kulikuwa na neno jingine, nami nililijua, maana watoto husikia wanapodhaniwa wanaangalia katuni. Mama Mkubwa alikuwa ameniomba. Kwetu dada mkubwa asiye na mtoto anaweza kumwomba mdogo wake binti, amlee awe wake, amtume, amsomeshe, na kesho binti naye amfunike shuka mlezi wake akiugua. Tena akiwa ni dada aliyekubeba mgongoni, ombi hilo halina jibu la hapana. Siku moja alizungusha simu yake akanionyesha chumba: dirisha, meza ya kusomea, na kitanda cha mtoto chenye tandiko la manjano. “Mapendo, unaona?” akaniuliza. “Kitanda iko tayari. Inangojea mwenyewe.” Nilijibu kwa Kiingereza kwamba ni kizuri, nikaenda bafuni nikafungulia maji ili nisisikike. Wiki hiyohiyo mama alinunua sanduku la buluu lenye magurudumu na kuliweka chini ya kitanda changu, na hakusema ni la nini. Nililala juu yake kila usiku nikimchukia mwanamke ambaye hakuwahi kunitendea ila mema.

Basi tukaanza kuoka. Mimi ndiye niliyebonyeza vitufe, kwa kuwa mama aliiogopa ile oveni ikilia. Mama Mkubwa alisema dampa inataka nyuzi joto mia mbili kwa nusu saa. Nikabonyeza mia mbili, tukangoja nusu saa, tukatoa bonge jeupe lililolegea ambalo kidole kilizama ndani yake. Tukarudisha. Baada ya saa nzima lilikuwa na ngozi juu, na ndani ni gundi. Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu ya biskuti. Zilitaka mia moja na sitini, na oveni ikakataa katakata. Kila nikishusha namba iligoma kwenye mia moja na sabini, tukaiacha hapo kwa kuwa haikushuka zaidi. Hapo ndipo mtu mwenye macho angeuliza kulikoni. Nilimwambia mama labda tupandishe moto. Alinitazama kama nimetukana. “Dada amesema namba,” akasema. “Neno ya mukubwa haiongezwake, haipunguzwake. Ngoja tu.” Tukangoja, zikatoka kama uji uliokauka kwenye sahani, na baba akazila zote kwa kijiko na kukwangua sahani, jambo ambalo lilimuumiza mama kuliko matusi.

Kosa kubwa la mama halikuwa la moto. Dada yake alipopiga simu kuuliza mkate ulitokaje, mama alisema umetoka vizuri sana, tumeumaliza. Kuhusu biskuti alisema vivyo hivyo. Aliona aibu, maana mtoto aliyelelewa na mtu hapendi kumrudia mlezi wake na sufuria iliyoungua, sembuse isiyoungua kabisa. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kama angemwonyesha dada yake lile bonge jeupe mara moja tu, yule bibi Joan angeuliza swali moja, na leo nisingekuwa na cha kuandika. Lakini kila Jumamosi aliongeza uongo mdogo juu ya uongo mdogo, na moyoni akaanza kuhesabu upande mwingine: mimi nafuata kila neno, vyake vinaiva, vyangu haviivi, basi liko neno ambalo hajanipa.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja ukoo wa mama ulikutana Columbus, nyumbani kwa Mzee Elia, baba yao mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa familia hapa Marekani. Nilijua tunachoendea. Mbele ya wazee, Mama Mkubwa akiwa kwenye simu, mama angesema kwamba ananitoa, na keki za Mama Mkubwa zingegawiwa kama chakula cha mkono wake, kwa kuwa yeye yuko mbali. Mama alioka usiku wa kuamkia safari, nyuzi mia moja na themanini kama alivyoambiwa, akaiacha keki ndani saa mbili nzima badala ya nusu saa, maana muda hakuuona kama neno la dada yake bali ni subira tu. Ilitoka imeshikana juu. Alipoikata aliona ilivyo katikati, nami niliona, akakazana kuichovya kwenye chokoleti na kuiviringisha kwenye nazi, kipande baada ya kipande, mpaka trei ikapendeza kama ya dukani. Safari ya kutoka Louisville hadi Columbus ni zaidi ya saa tatu, na trei ile niliipakata mimi njia nzima.

Sebule ilijaa. Simu iliegemezwa kwenye chupa ya chai, Mama Mkubwa amevaa kitenge kipya na amefunga kilemba, kwake ni asubuhi ya mapema. Mama aligawa keki kwa mikono miwili. Mzee Elia akauma, akatafuna polepole, akatoa leso akaiweka mdomoni. Alikuwa mtu wa heshima, lakini hakuwa mtu wa kudanganya. “Sifa, mwanangu,” akasema, “hii keki iko mubichi.” Mtu mmoja pembeni alicheka kidogo, si kwa ubaya. Nadhani kile kicheko ndicho kilichofanya kazi. Mama aliigeukia simu, na sauti iliyotoka sikuwahi kuisikia kwake.

“Dada, miye nilifanya yote uliniambia. Kuna kitu ulinifichaka.”

“Miye nikufiche weye, Sifa?” Mama Mkubwa akasema. “Nikufiche unga?”

“Mutu mwenye kunificha keki,” mama akasema, “nitamupatia mutoto namna gani?”

Kwenye kioo cha simu tuliona uso wa Mama Mkubwa, kisha tukaona dari ya nyumba yake, kisha simu ikakatika. Nilikuwa nimekaa kwenye zulia, nimeshika kipande changu, na ninakiri leo kwamba nilichosikia ndani yangu kilikuwa furaha. Nilikila kile kipande kibichi chote, na kilikuwa kitamu.

Wiki iliyofuata, mwalimu wetu wa sayansi aliandika ubaoni namba mbili. Akasema maji huchemka kwenye mia moja ukipima kwa Selsiasi, na mia mbili na kumi na mbili ukipima kwa Farenheiti. Sisi Marekani tunatumia hii ya pili, na karibu dunia yote iliyobaki inatumia ile ya kwanza. Akatufundisha kugeuza. Wenzangu waligeuza joto la mwili na joto la barafu. Mimi niligeuza mia moja na themanini kwenye ukingo wa daftari, nikapata mia tatu hamsini na sita, nikarudia hesabu nikapata ileile. Nilielewa kila kitu palepale, nimekaa kwenye kiti cha plastiki: dampa, biskuti, keki, kicheko cha Columbus. Hakuna aliyeficha kitu. Mama Mkubwa alitupa neno lake zima, na sisi tulilipima kwa kibaba kingine.

Nilishuka kwenye basi la shule nikiwa na daftari mkononi, nimelifungua kwenye ukurasa ule. Mama alikuwa jikoni. Alikuwa ameyarudisha masufuria ndani ya oveni, kubwa hadi dogo, na sanduku la buluu lilikuwa wazi sakafuni. Alikuwa analijaza mablanketi ya akiba. Nikasema, “Mama, leo tumejifunza kitu.” Akauliza kitu gani. Nikalitazama lile sanduku likijaa, nikasema, “Mambo ya maji tu,” nikalifunga daftari. Akanipa kitunguu nikimenye. Jioni hiyo simu ilipolia na ujumbe wa sauti, mama hakuuweka kwa sauti ya juu kama zamani. Aliusikiliza koridoni, simu imebanwa sikioni, akarudi akaitia sombe chumvi mara ya pili. Baba alikunywa maji usiku kucha.

Sikwenda Australia. Miaka miwili baadaye tulihamia Columbus kwa sababu ya kazi ya baba, na Mama Mkubwa akawa mtu wa sikukuu: heri ya Krismasi, heri ya Pasaka, hamjambo, hatujambo, Mungu awabariki. Hakuzungumzia kuoka tena, wala hakuuliza kuhusu mimi zaidi ya shule. Nilikua nikisema moyoni kwamba nitamwambia mama nikimaliza shule ya sekondari, kisha nikianza chuo, kisha nikipata kazi. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye. Yangu yalikuja mapema, yakakaa, na mimi nikayapikia chai. Sisemi nilipaswa kwenda. Mtoto ana haki ya kutaka mama yake, na kama ningekuwa na binti leo nisingemtoa. Lakini kuna njia ya kukataa kwenda ambayo haimwachi mwanamke mwingine akiitwa mchoyo mbele ya ukoo wake, na njia hiyo ilikuwa imeandikwa kwenye daftari langu.

Krismasi iliyopita niliendesha gari kutoka Buffalo hadi Columbus, theluji njia nzima. Baba amelala, mama anakausha vyombo, nikaona anafungua oveni anaingiza sufuria, na maneno yakanitoka yenyewe. Nilimweleza yote: ubao, daftari, mambo ya maji. Nilikuwa nalia kama mwenye miaka kumi na mmoja. Mama hakugeuka. Alimaliza kukausha kifuniko, akakiweka mahali pake.

“Minajua,” akasema. “Dada alinitumiaka sauti, wiki ile ile. Yule bibi alimuelezea. Akasema, Sifa, moto ya kwenu inahesabiwa ingine, weka mia tatu na makumi tano.”

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. Alikaa kwenye kiti.

“Angekuomba tena,” akasema. “Na miye sina kinywa ya kumukatalia. Alinibebaka mugongoni.”

Tukakaa hivyo, mtu na mama yake, kila mmoja na siri yake ambayo kumbe ilikuwa moja. Na mimi nikamfikiria yule wa tatu. Aligundua kosa mwenyewe, akafurahi, akachukua simu kutengeneza mambo, na jibu halikuja. Mtu aliyemlea Sifa tangu ana miaka mitano hakuhitaji kuelezwa maana yake. Alijua kwamba si keki. Akanyamaza, akatuachia kisingizio chetu.

Asubuhi yake nilitoa masufuria yote nikayapanga sakafuni. Tulipiga mayai pamoja, nikabonyeza mia tatu na hamsini, na baada ya nusu saa nyumba ikanukia jinsi nyumba ile ya Highview haikuwahi kunukia. Keki ilikuwa ya dhahabu. Tulichovya, tukaviringisha, tukangoja jioni, kisha mama akaegemeza simu kwenye chupa ya chai na kupiga. Mama Mkubwa alipokea. Amezeeka, nywele zimekuwa nyeupe. Mama hakusalimia, alishika kipande kilichokatwa akakisogeza kwenye kamera, upande wa ndani ukiangalia mbele.

“Imeiva,” Mama Mkubwa akasema. Kisha akasogeza uso karibu na kioo: “Muliweka moto ngapi?”

“Ile uliniambiaka, dada.”

Alitikisa kichwa kukubali, mara nyingi, polepole. “Bon, vizuri,” akasema. “Njo vile.” Mama akasema, “Unisamehe,” na yeye akasema yameisha, ni ya zamani, halafu akauliza kama Mapendo yupo, amuone. Nikaingia kwenye picha. Alinitazama sana, akasema nimekuwa mtu mzima, nafanana na mama yao. Mimi nilikuwa natazama nyuma yake. Alikuwa amekaa kwenye chumba chenye dirisha na meza ndogo, na ukutani kilikuwepo kitanda cha mtoto chenye tandiko la manjano, limepauka, na juu yake nguo zilizokunjwa na mkongojo. Alisema mguu unamsumbua, ila kuna msichana wa kuajiriwa anakuja mara mbili kwa wiki kumwogesha, ni msichana mzuri, hana haraka.

Mimi kazi yangu hapa Buffalo ni hiyohiyo. Ninatunza wazee majumbani mwao, wengi kule Amherst, akina mama ambao watoto wao wako mbali. Ninawavua nguo kwa adabu, ninapima maji kwa kiwiko kabla ya kuwamwagia, maana sizitegemei namba tena, nao hunishika mkono na kusema wazazi wangu wamepata mtoto. Siku hizi wakisema hivyo nakaza macho kwenye maji, kwa sababu kule Adelaide mtu mwingine anampimia Mama Mkubwa maji yake, na kazi ile ilikuwa yangu.